Wasomi na Wapakasi: Safari Mbili za Kampala

Katika lugha ya Kiganda liko neno omupakasi, na maana yake ni kibarua, mtu afanyaye kazi ya mikono katika shamba au nyumba ya mwingine kwa ujira. Masikio ya Mswahili hayawezi kulipotea neno hilo. Ni yule mpagazi wetu wa misafara, aliyevuka Ziwa pamoja na mizigo ya pembe na nguo, akakaa Buganda, akabadili sauti kidogo na kazi pia: mpagazi alichukua mzigo wa mtu, mpakasi akalima shamba la mtu. Tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1950 walioitwa kwa jina hilo katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda walikuwa hasa Wanyarwanda na Warundi. Lakini pamoja nao walikuwako Wahangaza na Washubi wa Ngara, na watu wa Biharamulo, yaani raia wa Tanganyika kutoka pembe ile ambayo leo ni kusini ya Mkoa wa Kagera.

Katika miaka ileile vijana wengine wa nchi hiyo ya magharibi ya Ziwa walikwenda Kampala kwa shughuli nyingine. Walikwenda kusoma Makerere. Habari zao zimeandikwa mara nyingi, na kwa fahari, kwa sababu baadhi yao walikuja kushika uongozi wa nchi. Nia yangu si kuipunguza fahari hiyo. Lakini nasadiki kwamba maisha ya msomi mweusi wa Makerere hayaelezeki sawasawa ikiwa mpakasi ameachwa nje ya mlango. Maana mmoja alikaa juu ya kilima na mwingine chini yake, na mara nyingi walikuwa watoto wa nchi moja.

Makerere ilianza kwa unyenyekevu mkubwa. Mwaka wa 1922 ilifunguliwa kuwa shule ya ufundi yenye vijana 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kutoka hapo ilipanda ngazi kwa ngazi: ikafundisha utabibu, ualimu na kilimo, mwaka wa 1937 tume ya Lord De La Warr ikapendekeza kiwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika ya Mashariki yote, na mwaka wa 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, ili wanafunzi wake wafanye mitihani ya London na kupewa digrii za London. Kwa kijana wa Tanganyika hapakuwa na mlango mwingine karibu. Nchi yake haikuwa na chuo kikuu hata mwaka wa 1961. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, au, kama alikuwa na bahati ya nadra, Ulaya, kama Julius Nyerere alivyokwenda Edinburgh mwaka wa 1949 baada ya kumaliza Makerere mwaka wa 1945.

Wanafunzi wa kilima kile walivaa majoho mekundu. Walikula katika bwalo kwa desturi za vyuo vya Uingereza, wakalala katika mabweni yaliyopewa majina ya magavana na wasafiri wa Kizungu, wakasoma mashairi ya nchi yenye theluji hali nje ya dirisha kuna migomba. Msemo wa chuo kwa miaka mingi ulikuwa wito wa Kiingereza wa kuwataka wawe wanaume. Ulipofika mwaka wa 1945 na wanawake wa kwanza wakapokelewa, msemo huo ulionekana haufai tena, ukabadilishwa kuwa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Naona katika badiliko hilo dogo habari kubwa: chuo kilikuwa kimejipangia mapema mtu gani atoke humo, na kila mara wenyewe waliokuja walikuwa zaidi ya kipimo.

Hata habari za lugha yetu zina kichekesho chake hapo. Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilihamia Makerere mwaka wa 1952, chini ya W. H. Whiteley, na kwa miaka kadhaa jarida lake lilitengenezwa katika kilima kile, kabla kamati haijafikia Dar es Salaam mwaka wa 1964 na kuwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili. Basi Kiswahili kilichunguzwa Makerere, wala hakikuwa lugha ya kufundishia Makerere. Kilisemwa zaidi chini ya kilima, na watu waliokutana kutoka nchi mbalimbali bila ya kuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba joho jekundu lilimfunika mtu asione. Mwanafunzi wa Makerere alijua vizuri kipimo alichopimiwa. Chukua habari za matabibu. Kijana alisoma miaka mingi, akatoka na stashahada, kisha serikali ikampa cheo cha msaidizi na mshahara ulio chini ya ule wa tabibu wa Kizungu, kwa kuwa Baraza la Matabibu la Uingereza halikuitambua elimu yake. Utambuzi huo ulipatikana mwaka wa 1957 tu. Mtu aliyepasua na kushona na kuponya kwa mikono yake kwa muda wa miaka 10 au 15 aliitwa msaidizi siku zote hizo. Wala msaidizi wa nani haikuelezwa, maana katika vituo vingi vya Tanganyika hapakuwa na tabibu mwingine.

Mwaka wa 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Wengi waliosikia habari hiyo walicheka: watu wanaolishwa bure katika nchi ya wenye njaa wagomee chakula! Lakini chakula cha chuo si chakula tu. Anayekula anajua kama aliyempikia amemhesabu kuwa mgeni wa heshima au mtoto wa kulelewa, na wanaume wazima, wengine walimu wa miaka kadhaa, walichoka kulelewa. Chuo kilifungwa kwa muda, na baadhi ya viongozi wa mgomo wakaondolewa. Mmoja wao, Abu Mayanja wa Buganda, hakuharibikiwa: alipata nafasi katika King's College, Cambridge, akaendelea na masomo, na baadaye akawa waziri katika nchi yake. Mgomo ule ulikuwa wa haki, kwa maoni yangu; na matokeo ya Mayanja yaonyesha pia kwamba aliyekwisha kupanda kilima alikuwa na pa kuangukia.

Sasa tushuke kilima. Upande mmoja wa Makerere kuna Mulago, hospitali kubwa ambamo wanafunzi wa utabibu walijifunza kazi. Vitongoji vilivyoizunguka vilijaa watu waliokuja kutafuta kazi. Wachunguzi wa Makerere yenyewe, A. W. Southall na P. C. W. Gutkind, walitoa kitabu mwaka wa 1957 juu ya maisha ya Kisenyi na Mulago, nao walikuta humo wageni wa makabila mengi wakikaa vyumba vya kupanga, wakiuza pombe na chakula, wakifanya kazi ya siku. Katika wodi za Mulago, Daktari Hugh Trowell na wenzake walichunguza ugonjwa wa kwashiakoo, ule utapiamlo wa watoto wenye kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, wakatoa kitabu chao mwaka wa 1954. Vibarua waliokuja kwa miguu kutoka kusini-magharibi walikuwa miongoni mwa watu walioletwa wodini wakiwa wamedhoofu, kwa kuwa walisafiri majuma kadhaa kwa chakula kidogo na kuanza kazi kabla hawajapata nguvu.

Hivyo si kubuni kusema kwamba msomi na mpakasi walikutana. Walikutana penye kitanda. Mmoja alisimama na koti jeupe, mwingine akalala, na kati yao akasimama profesa aliyeeleza ugonjwa kwa Kiingereza. Kama mwanafunzi alikuwa wa kutoka Bukoba na mgonjwa alikuwa Mhangaza, lugha zao za nyumbani zilikuwa na maneno mengi ya udugu. Waliweza kusalimiana bila mkalimani. Fikiri, msomaji, salamu hiyo ilivyokuwa nzito kwa wote wawili.

Lakini kwa nini aliyesimama awe wa Bukoba na aliyelala awe wa Ngara? Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mwanachuoni J. E. Goldthorpe, katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya wanafunzi wa Makerere tangu 1922 hata 1960, alionyesha jinsi makabila machache yalivyotoa wanafunzi wengi kupita kadiri ya idadi yao. Na kwa upande wa Tanganyika waliotangulia ni Wachaga na Wahaya. Kutoka Buhaya alitoka Andrew Tibandebage, aliyeanzisha Makerere pamoja na Nyerere na Hamza Mwapachu chama cha ustawi wa Watanganyika katika miaka ya vita, kisha akafundisha pamoja na Nyerere katika shule ya St. Mary's, Tabora, na baadaye akawa balozi. Alitoka pia Daktari Vedasto Kyaruzi, mmoja wa matabibu wale walioitwa wasaidizi. Mwaka wa 1950 alichaguliwa rais wa Tanganyika African Association, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Serikali ikamhamisha kutoka Dar es Salaam, na chama kikazidi kukua hata kikazaa TANU mwaka wa 1954. Nchi ilipopata uhuru Kyaruzi akatumwa Umoja wa Mataifa. Majina hayo ni ya heshima, na wilaya ya Bukoba ina haki ya kujivunia.

Wako wanaosema kwamba Wahaya walipenda elimu na wenzao wa kusini hawakuipenda. Maneno hayo nimeyasikia hata kwa watu waliosoma, nami siwezi kuyakubali. Elimu ya sekondari wakati ule ilihitaji vitu viwili, shule iliyo karibu na fedha ya ada, na vyote viwili Bukoba ilivipata mapema. Mapadri Weupe walikuwa Kashozi tangu mwaka wa 1892. Shule zikafuata misheni. Kahawa ilimpa mkulima wa Kihaya fedha mkononi, na mwaka wa 1950 wakulima wakawa na chama kikuu chao cha ushirika. Na kahawa hiyo ilipaliliwa na nani? Katika mashamba mengi ya Buhaya kazi nzito ilifanywa na vibarua waliotoka Burundi, Rwanda, na wilaya za kusini za mkoa wenyewe. Mhangaza ambaye hakuvuka mpaka kwenda Buganda aliweza kusimama Buhaya na kupata kazi ileile ya upakasi. Basi ada ya shule iliyompeleka kijana wa Bukoba katika ngazi ya kwanza ya Makerere ilikuwa na jasho la mtu wa Ngara ndani yake. Sisemi hivi kwa kulaumu. Mwenye shamba alilipa ujira uliokubaliwa, na pengine mwenyewe alipalilia bega kwa bega na kibarua wake. Nasema ili hesabu iwe kamili.

Ngara ilikuwa na tatizo jingine, nalo ni la mpaka. Wakati wa Wajerumani nchi ya Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mstari ulichorwa upya: Gisaka ikarudishwa Rwanda, Bugufi ikabaki Tanganyika, na watawala wa Burundi wakaendelea kuidai. Kwa serikali ya Dar es Salaam wilaya hiyo ilikuwa mwisho wa nchi, mahali pa kufikia baada ya reli, meli na barabara mbaya. Bugufi ilikuwa na kahawa yake, na wakulima wake waliwahi kushirikiana kuiuza tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo hata hoja ya uvivu haina mahali pa kusimama. Walichokosa ni njia fupi ya soko na shule ya kuendelea baada ya ile ya msingi.

Biharamulo iliumizwa na mdudu. Boma la Wajerumani lipo mpaka leo juu ya mji, na mtu asimamaye hapo huona pori likienda mbali. Pori hilo ndilo lililokuwa la mbung'o. Ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu kutoka vijiji vyao vya kutawanyika na kuwakalisha mahali pamoja palipofyekwa. Watu wengine walipona kwa amri hiyo. Lakini mtu aliyehamishwa huacha migomba yake na kuanza tena shamba kwa jembe. Wala katika miaka hiyo hawezi kufikiri ada ya mtoto. Na aliyetaka fedha ya kodi alijua njia moja tu iliyokuwa wazi.

Njia hiyo ilikwenda kaskazini kwa Karagwe, ikavuka mto Kagera hapo Kyaka, ikafika Masaka na Kampala. Kijana wa Bukoba aliyekwenda Makerere aliweza kupanda meli mjini kwao, akashuka Port Bell, akaona kilima. Mpakasi alitembea. Baadaye malori yakaja, na mwenye senti akapanda. Alipofika Buganda alifanya kazi kwa mkulima wa Kiganda, akipewa chakula na mahali pa kulala pamoja na ujira. Na aliyependa kukaa aliweza kupata kibanja na kulipa busulu kwa mwenye ardhi, kama sheria ya mwaka 1928 ilivyoweka. Wengi wa wageni hao walijifunza Kiganda, wakachukua majina ya Kiganda, na watoto wao wakakua Waganda. Kwa hiyo wako leo katika Uganda watu wenye asili ya Ngara wasiojijua.

Tena Makerere iliwaona. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 chuo cha uchunguzi wa jamii kilichokuwa hapo, kikiongozwa na Audrey Richards, kilitoa kitabu kizima juu ya vibarua wageni wa Buganda: njia walizopita, sababu zilizowatoa kwao, waajiri wao, desturi zilizobadilika. Ni kitabu kizuri, na asiyekisoma hawezi kuandika historia ya kusini ya Kagera. Lakini tazama mahali kilipoandikwa. Mtu wa Ngara aliingia Makerere kwa njia ya dodoso. Aliingia akiwa hesabu katika jedwali, miaka mingi kabla mtoto wake hajaingia akiwa na joho.

Uhuru ulipokuja, swali hilo lilihamia Dar es Salaam. Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi 14 wa sheria. Idadi ileile ya Makerere ya mwaka 1922, ingawa safari hii hapakuwa na seremala hata mmoja. Mwaka wa 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu mpaka 1970. Mwaka wa 1964 Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Asiporudi, ni msaliti. Miaka miwili baadaye mfano huo ulijaribiwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, lililowataka watumike miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapate asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais aliwarudisha makwao karibu 400, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Hukumu juu ya siku hiyo zingali zinatofautiana. Wanafunzi walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini wakubwa wenye mishahara minene wawafundishe vijana kujinyima, na kupunguzwa kwa mshahara wa Rais kwaonyesha kwamba swali lao lilisikika. Lakini bango lile halikuweza kuandikwa na mtu aliyetoka Biharamulo ya malale. Ukoloni ulikuwa afadhali kwa nani?

Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa, ili waliotangulia wasizimeze zote. Bukoba ilinung'unika sana, na manung'uniko hayo hayajaisha. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likamtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Katika mpango huo alipita mtoto mmoja wa Chato, wakati ule sehemu ya wilaya ya Biharamulo: alisoma seminari ya Katoke, akafundisha sekondari Sengerema, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1985. Ndiye John Magufuli, aliyepata udaktari wa kemia chuoni hapo mwaka wa 2009 na urais wa nchi mwaka wa 2015. Watu wanabishana juu ya utawala wake, nami simo katika ubishi huo hapa. Natazama umbali wa safari tu: kutoka wilaya iliyotoa wapakasi hata kilima cha Mlimani ni kizazi kimoja au viwili.

Katika maktaba ya kilima hicho zimehifadhiwa hati za Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni na kuandika mila na sheria za makabila mengi ya Ziwa. Mwanafunzi wa Ngara aweza leo kuziomba mezani, akapewa majalada ya karatasi zilizopigwa taipu, zilizogeuka rangi ya majani makavu. Humo hukuta watu kama babu zake wakiulizwa maswali na kujibu, na majibu yao kuandikwa kwa Kiingereza. Baadhi ya waliojibu walikuwa na ndugu Buganda wakati ule, shambani mwa mtu. Mwanafunzi hukaa, hufungua daftari lake, na kuanza kunakili.